Tiki za Kijani

Kituo kizima kilimwita Inspekta Shubiri. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Shubiri ni chungu lakini inatibu, na pale kituoni watamu walikuwa tele na hakuna aliyewahi kumponya mtu.

Mtamu kuliko wote alikuwa Sajini. Ijumaa asubuhi, Inspekta aliporudi kutoka mji wa pili alikokuwa akitoa ushahidi wiki nzima, Sajini aliingia ofisini kwake kifua mbele, jalada kwapani, viatu vimepigwa rangi kana kwamba anakwenda kuoa.

"Karibu nyumbani, afande. Kesi ya kiwanda cha rangi tumeimaliza. Imebaki saini yako, leo hii iende kwa mwendesha mashtaka kabla hajafunga ofisi. Mkuu wa kituo ameshapongeza."

"Amempongeza nani?"

"Mimi, afande."

"Basi kaa, unieleze ulichopongezewa."

Sajini alikaa. Maelezo yake yalikuwa mafupi, maana mtu asiye na shaka hana haja ya maneno mengi. Usiku wa Jumatano mtu alivunja dirisha la stoo ya kiwanda, akaingia, akachukua ufunguo uliotundikwa ukutani kwa ndani, akafungua mlango na kutoa mota mpya kabisa ya mashine ya kuchanganyia rangi. Akaufunga mlango tena. Mlinzi, mzee wa watu, alipotokea kuuliza kuna nini, alipigwa nondo ya kichwa. Sasa yuko hospitali na hajafumbua macho. Ufunguo ulikutwa asubuhi yake umezamishwa ndani ya kopo la rangi nyekundu.

"Mtuhumiwa ni mtunza stoo mwenyewe," alisema Sajini. "Nimemkamata Alhamisi asubuhi nje ya geti, anakuja kazini kama hajui kitu. Yule mzee akifa, hii inakuwa mauaji, na mtunza stoo ndiyo basi tena."

"Ushahidi?"

"Amekiri kwa maandishi."

Alichomoa mfuko wa nailoni kutoka kwenye jalada na kuuweka mezani taratibu, kama mtu anayemtua mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Ilikuwa na sentensi kumi za Kiingereza, zimeandikwa kwa wino wa buluu na mkono wa mtu anayeogopa kukosea. Nimevunja dirisha la stoo jana, ilisema ya kwanza. Nimechukua mota mpya, ilisema ya pili. Ya tatu Sajini aliisoma mwenyewe, kwa lafudhi aliyoitoa anakokujua yeye: "I have hidden the key in the red paint. Nimeficha ufunguo ndani ya rangi nyekundu. Nani angejua hilo, afande, kama si mwizi?"

"Mliipata wapi?"

"Kwenye kabati lake la nguo, pale kiwandani. Msamaria mwema alipiga simu, hakutaja jina."

Shubiri aliisoma karatasi mpaka chini. Ya nne ilisema nimekula mkate wa mwenzangu. Ya saba ilisema nimesahau miwani yangu. Kila sentensi ilikuwa na alama ya wino wa kijani, nyingine tiki, nyingine mkasi wa kosa, na katika ile ya kwanza neno la jana lilikuwa limekatwa kwa mstari wa kijani. Chini kabisa, ndani ya duara, paliandikwa sita kwa kumi.

"Huu mkate nao tumemfungulia shitaka?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini jana imekatwa?"

"Alitaka kuificha siku ya tukio."

"Na hii sita kwa kumi?"

Sajini aliinama mezani na kushusha sauti. "Mgawo, afande. Sita yake, kumi ya wenzake. Ni genge."

Shubiri alikuwa amefanya kazi na wajinga wengi, lakini wengi wao walikuwa na adabu ya kunyamaza. Huyu alikuwa amepeleka kichwa chake shule, shule ikamrudishia kama kilivyo, naye akakivalisha kofia ya serikali.

"Mtuhumiwa anasemaje kuhusu hii karatasi?"

"Hajaiona. Kielelezo hakionyeshwi kwa mtuhumiwa kabla ya mahakama. Nimemwambia tu kwamba tunayo maandishi yake ya kukiri. Anakana. Anasema hajawahi kukiri chochote."

Kanuni hiyo haikuwahi kuandikwa popote. Sajini aliitunga mwenyewe, na kama ilivyo kwa kanuni zake zote, ilimpunguzia kazi.

"Chukua funguo za gari," Shubiri alisema.

"Tunakwenda wapi, afande? Saini..."

"Saini haikimbii."

Pale nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mwanamke mwenye mkoba wa kitambaa na shati la kiume lililokunjwa vizuri mapajani. Alisimama alipowaona.

"Afande, mume wangu mnampa hili shati lini? Halafu kuna karatasi ya mtu ilibaki nyumbani kwetu, ninayo hapa, yeye anasisitiza irudishwe kwa mwenyewe. Nimwachie nani?"

"Mama, nimekwambia tangu jana," Sajini alimkata. "Hapa si posta. Vitu vya kiwandani peleka kiwandani."

Mwanamke alimtazama Sajini kuanzia kofia mpaka viatu, akasonya, akakaa. Shubiri alipita. Alikuwa na jambo moja kichwani, ule wino wa kijani, na aliona jambo moja lilimtosha kwa wakati mmoja. Baadaye alijilaumu kwa hilo, tena kwa haki.

*

Kiwanda cha rangi kilikuwa na wakubwa wapya, na wakubwa wapya walikuwa na wazo. Ripoti zote za zamu ziandikwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila Jumanne jioni meza za kantini zilipangwa kama madawati, ukaletwa ubao, na watu waliochanganya rangi miaka nenda miaka rudi bila kuharibu hata kopo moja walifundishwa kuandika kwa Kiingereza kwamba wamechanganya rangi. Msimamizi wa zamu alikuwa amestaafu. Kiti chake kingekwenda kwa atakayeongoza kwa alama za darasa hilo. Mashine haikuulizwa maoni yake.

Mwalimu walimkuta hapo kantini akinywa chai. Alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye dharau iliyokomaa. Alimdharau kila aliyewahi kumfundisha na wengi aliokuwa hajawafundisha bado.

"Polisi," alisema. "Nilijua siku moja mtakuja kujifunza."

Shubiri alikuwa anatazama ubao. Ulikuwa na vitenzi kumi vya Kiingereza, vimepangwa kutoka juu hadi chini kwa chaki: kuvunja, kuchukua, kuficha, kula, na kuendelea. Alitoa ule mfuko wa nailoni akaulinganisha. Kumi kwa kumi, kwa mpangilio uleule.

"Haya yaliandikwa lini, mwalimu?"

"Jumanne. Hakuna anayefuta ubao hapa mpaka nije nifute mwenyewe. Kufuta ubao nako kunataka elimu."

"Jumanne," Shubiri alirudia, akamgeukia Sajini. "Dirisha lilivunjwa lini?"

"Jumatano, afande. Usiku."

"Kwa hiyo amekiri kabla hajaiba."

Sajini alipata njia nyingine. "Basi alipanga, afande. Huu ni mpango wa uhalifu."

"Mpango. Mtu anapanga wizi na kuuandika darasani, sentensi kumi, na mkate juu yake." Alimrudia mwalimu. "Kwa nini uliwapa vitenzi vya namna hii? Kuvunja, kuchukua, kuficha."

"Muulize aliyeitunga ile lugha. Wiki hii tunafanya wakati uliopo timilifu, na vitenzi vyenye vichwa vigumu ndivyo hivyo. Vitenzi vya watu wema vinafuata kanuni. Nikawaambia kila mmoja atunge sentensi za kazini kwake, maana ripoti zao ni za kazini. Mtunza stoo ataandika nini kama si dirisha na ufunguo na mota? Aandike ng'ombe?"

"Na hii jana iliyokatwa?"

Mwalimu alivaa miwani akaichungulia karatasi ndani ya nailoni. Uso wake ulichangamka kidogo. Kosa lilimpa raha.

"Imekatwa kwa haki. Ukisema umevunja, kwa Kiingereza, unasema jambo limekwisha tendeka na lipo mbele yetu sasa, dirisha ni bovu mpaka muda huu. Ukitaja jana, umelifungia jambo huko jana, basi ubadilishe kitenzi useme ulivunja. Kwetu unaweza kusema nimekuja jana na hakuna atakayekupiga. Kiingereza kinakataa. Nimewaambia mpaka koo limenikauka." Alishuka na kidole chake. "Lakini hapa pana ubaya. Namba saba kapigwa mkasi. Namba saba haina kosa. Na namba tisa pia, na kumi. Huyu alistahili tisa. Nani kampa sita?"

"Si wewe?"

"Mimi? Nisahihishe karatasi za kiwanda kizima kwa ule mshahara? Sina wazimu. Kila mtu anabadilishana karatasi na jirani yake wa dawati. Anakwenda nayo nyumbani, anasahihisha kwa wino wa rangi nyingine, na Jumanne inayofuata anamrudishia mwenyewe mbele ya macho yangu, naingiza alama. Hairudishwi kabla ya hapo. Nikiruhusu, watapatana wapeane kumi kumi."

Shubiri alivuta kiti akakaa. Mambo yalikuwa yameanza kujipanga, na aliona aibu kidogo kwa jinsi yalivyokuwa mepesi.

"Sajini. Hii karatasi imeandikwa Jumanne. Jumanne hiyohiyo ikaenda na jirani. Jumanne ijayo bado. Sasa imeingiaje kwenye kabati la mtunza stoo?"

"Makabati yao hayana kufuli, afande."

"Umeanza kuamka. Mwalimu, jirani wa mtunza stoo ni nani?"

"Dada wa maabara," alisema mwalimu. "Wanakaa dawati moja tangu tuanze. Naye ana njaa ya kile cheo kuliko wote."

*

Dada wa maabara alikuwa na koti jeupe lenye madoa ya rangi zote. Alijibu bila kuacha kukoroga alichokuwa akikoroga.

"Jumanne sikuwa darasani. Nilikuwa na rangi iliyokataa kukauka, muulize fundi mkuu. Karatasi ya mtunza stoo sijaiona."

"Unakitaka sana kile cheo, nasikia."

"Nakitaka. Kuna ubaya? Nakitaka kwa kukijua, si kwa kuiba." Aliweka mwiko chini. "Na yule bwana mkamateni mtakavyo, lakini hakuiba. Anarudisha hata misumari iliyopinda."

"Kama hukuwepo, dawatini kwako alikaa nani?"

"Niliambiwa alikaa Mizani. Karani wa mizani, pale kwenye kibanda cha kupimia malori. Yeye kiti chake kiko mbele kabisa, siku zote, apate kuonekana. Siku nisiyokuwepo akajipeleka nyuma. Mimi mwenyewe nilishangaa."

Sajini alikuwa ameshatoa pingu. Shubiri alimwambia azirudishe mfukoni, maana kumfungulia mtu shitaka la kuhama kiti kungewachekesha hata wezi.

Getini palikuwa na kelele. Mlinzi wa mchana alikuwa anamzuia mwanamke mwenye mkoba wa kitambaa, naye hakuwa na nia ya kuzuilika.

"Kituoni wananiambia peleka kiwandani, kiwandani mnaniambia rudi kituoni," alikuwa akisema mke wa mtunza stoo. "Mmeniona mpira?"

Shubiri alisimama. Maneno ya asubuhi pale benchini yalimrudia yote, neno kwa neno. Karatasi ya mtu ilibaki nyumbani kwetu.

"Mama," alisema, "ile karatasi unayo hapo?"

"Tangu jana nawaambia ninayo." Aliitoa mkobani, imekunjwa mara moja. "Mume wangu hajali amefungwa, anajali kwamba mwenzake atakosa alama. Wenzenu walipopekua nyumba walimwaga mpaka unga. Hii ilikuwa juu ya meza, wakaiona, wakaiacha. Wakasema si mwandiko wake."

Ilikuwa na sentensi kumi, vitenzi vilevile vya ubaoni. Nimevunja mizani. Nimeficha lori. Kwa hesabu za Sajini, kiwanda kizima kilistahili kwenda jela pamoja na mwalimu wao. Juu kabisa mwandishi alikuwa ameandika kazi yake kwa herufi kubwa, karani wa mizani. Chini, kwa kalamu ya risasi, kwa ule mkono wa kuogopa kukosea, paliandikwa tisa kwa kumi.

"Alisahihisha Jumanne usiku," mke alisema. "Akaniambia mwenzake ameandika vizuri kuliko yeye. Kazi yenyewe Jumatano hakwenda, tulimpeleka mama yake kliniki ya macho. Tena aliomba ruhusa."

"Samahani, mama," alisema Shubiri. "Ningekusikiliza asubuhi."

"Ungenisikiliza," mke alikubali, na hakumrahisishia.

*

Kibanda cha mizani kilikuwa kisafi. Mbele yake palilala bamba kubwa la chuma ambalo malori hupanda kupimwa. Mizani mwenyewe alivaa shati lililonyooka, kalamu tatu mfukoni, moja yenye kofia ya kijani. Alisimama akawakaribisha kwa Kiingereza. Shubiri akaitikia kwa Kiswahili, na hapo wakabaki.

"Jumanne darasani ulikaa wapi?"

"Kiti changu, mbele."

"Dada wa maabara anasema ulikaa chake."

"Ah, ndiyo. Siku hiyo feni ya mbele ilinipiga sana."

"Kwa hiyo mkabadilishana karatasi na mtunza stoo."

"Ndio utaratibu, afande. Mwalimu ndiye aliyeuweka."

"Karatasi yake iko wapi?"

Mizani alitabasamu kwa unyonge, kama anayemsikitikia mwenzake. "Nilimrudishia. Maskini, sikujua ana mawazo gani. Mtu humjui mpaka akuonyeshe."

"Ulimrudishia lini?"

"Jumatano. Alipita hapa asubuhi akaichukua."

"Na yako hakukurudishia?"

"Alisema ataileta."

Shubiri alinyoosha mkono bila kugeuka. "Sajini, fungua jalada lako. Soma ulichoandika kuhusu Jumatano. Kwa sauti."

Sajini alikohoa. "Mtuhumiwa hakufika kazini siku nzima ya Jumatano, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa akijiandaa kwa uhalifu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi pekee ya maana katika jalada lote, na Sajini aliiandika kwa sababu nyingine kabisa.

"Nimechanganya siku," Mizani alisema. "Ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi alikamatwa nje ya geti na huyu aliyesimama hapa. Hakutia mguu ndani."

"Basi Jumanne ileile. Baada ya darasa."

"Ukaisahihisha saa ngapi, mmetoka darasani pamoja? Mlangoni?" Alichukua ile kalamu ya kijani kutoka mfukoni mwa Mizani, akachora mstari mfupi pembeni ya gazeti lililokuwa mezani, akauweka mfuko wa nailoni kando yake. "Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako umezidi kuifupisha."

Mizani aliutazama mstari.

"Nikwambie kilichonisumbua tangu asubuhi," Shubiri alisema. "Ufunguo. Mwizi ana mota nzito, ana haraka, ametoka kumwangusha mtu. Halafu anasimama, anafungua kopo la rangi nyekundu, anazamisha ufunguo ambao angeweza kuutupa popote. Hakuna mwizi mwenye akili timamu anayefanya hivyo. Isipokuwa ameandikiwa afanye. Uliisoma karatasi ya mwenzako Jumanne usiku ukaona wizi mzima umo, dirisha, mota, ufunguo. Umebaki wa kuufuata tu. Ukaufuata kama mtoto anayenakili ubaoni, ukatupa karatasi kabatini kwake, ukapiga simu. Cheo kinabaki kwako, na mota ni bakshishi."

"Afande, hayo ni maneno."

"Mota iko wapi?"

"Nitajuaje?"

Shubiri alitoka nje akazunguka lile bamba la chuma. Kila kitu katika ua ule kilikuwa na ukoko wa vumbi la rangi, kuta, matairi, hata majani. Kwenye bamba, kifuniko cha shimo la mafundi kilikuwa na boliti nne, na zote nne ziling'aa kwa grisi mpya.

"Sajini. Chini."

"Mimi, afande?"

"Wewe ndiye uliyepongezwa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini siku hiyo aliyeingia ni Sajini, na viatu vyake vya harusi. Alizama mpaka kifuani katika matope ya mafuta. Alipapasa, akapiga mweleka, akanyanyuka na sauti ya mtu aliyeumizwa: mota ilikuwa pale, imefungwa turubai, na kando yake nondo yenye nywele za mvi.

Mizani alikaa kwenye ngazi ya kibanda chake. Shati lake lilikuwa bado limenyooka.

"Sikumkusudia yule mzee," alisema. "Alitokea tu."

"Najua. Mzee hakuwemo kwenye karatasi, na wewe bila karatasi huna akili ya kwako." Shubiri alimfunga pingu mwenyewe. "Nisikilize vizuri, kwa sababu utapata muda mrefu wa kulifikiria hili. Ile karatasi ungeiacha kama ilivyo, bila tiki hata moja, isingekuwa na alama ya mkono wa mtu mwingine. Huenda leo asubuhi ningelitia jalada saini, na yule bwana angekwisha. Ulikuwa umeshamwibia uhuru wake, na bado hukuweza kumwachia alama tatu."

Hakuwa na hasira naye. Hasira ni ya watu wanaostahili. Alimwona mdogo, mdogo kuliko wizi wake.

*

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilifungwa bila kupokea jalada. Mkuu wa kituo alisema alikuwa na wasiwasi na kesi ile tangu mwanzo, na hakuna aliyemwuliza alikuwa ameuficha wapi. Hospitali ilipiga simu kwamba mzee amefumbua macho, ameomba uji, na anauliza nani yuko getini.

Mtunza stoo alitolewa mahabusu akiwa peku, viatu mkononi. Alikuwa mtu mfupi, na macho yake yaliuzoea mwanga polepole. Mke wake alimvalisha shati safi palepale kaunta, akamfunga vifungo kimoja kimoja bila kumwangalia usoni, maana angemwangalia angelia, na hakutaka kulia mbele ya watu wale.

Sajini, matope yamemkaukia mpaka kifuani, alisukuma kitabu cha kutokea. "Saini hapa. Ni makosa ya kibinadamu tu, ndugu yangu. Ule ushahidi wa maandishi ulikuwa mzito."

"Ushahidi gani?" mtunza stoo aliuliza. "Siku mbili mnaniambia nimeandika. Nimeandika nini?"

Sajini aliangalia dari. Shubiri ndiye aliyeutoa mfuko wa nailoni na kuuweka mbele yake.

Mtunza stoo aliitambua karatasi mara moja. Aliisoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo yake ilikuwa inatembea na maneno. Mke alisubiri. Kaunta nzima ilisubiri.

"Kwa hii?" alisema hatimaye. Hakupaza sauti. "Mliniweka ndani kwa hii?"

Shubiri alitafuta la kusema, akaona kwamba kila alilonalo ni kisingizio kama cha Sajini, hakifai kumpa mtu mzima.

Mtunza stoo aliendelea kusoma mpaka chini, mpaka kwenye duara la kijani. Alikunja uso. Akaweka kidole juu ya nailoni, kwenye namba saba, akamgeukia Inspekta, kwa sababu ndiye pekee pale aliyeonekana kujua kusoma.

"Afande, hapa sikukosea."

"Hapana," alisema Shubiri. "Hukukosea."

Basi alichukua kalamu ya kaunta, akatia saini ya kutoka kwa mwandiko uleule wa kuogopa, akavaa viatu vyake, na akamfuata mkewe nje bila kumuaga mtu.